Mapipa Yaliyosimama

Mwezi uliopita nilikwenda Ifakara kumzika rafiki yangu wa tangu shule ya msingi. Wakati wa kurudi, mpwa wangu aliyekuwa akiniendesha akaingia kituo cha mafuta pale Kibaoni. Vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa kivulini wakibishana. Mmoja alisema petroli ya kituo kile ni maji matupu, ndiyo maana bei yake iko chini. Yeye yuko radhi avuke barabara akalipe zaidi, mradi pikipiki yake ipumue vizuri. Mwenzake akamcheka. "Wewe unanunua rangi ya ukuta. Lori linalowaletea wote ni lile lile." Wa tatu akaniona nimeshusha kioo nasikiliza.

"Shikamoo, bibi. Hebu tuamulie. Ya bei ya chini na ya bei ya juu ni kitu kimoja, au si kimoja?"

Nikaitikia marahaba, nikamwambia sijui. Gari likaondoka. Lakini nilikuwa najua, na nimekuwa najua tangu nikiwa na miaka kumi. Ndiyo maana nimekaa chini kukuandikia.

Ifakara niliyokulia, katika miaka ya hamsini, haikuwa na kituo cha mafuta. Petroli ilikuja kwa mapipa kutoka stesheni ya Kilosa, siku mbili njiani wakati wa kiangazi, na wakati wa masika ni Mungu tu aliyejua ngapi. Aliyeileta alikuwa baba yangu. Alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara wa mpunga. Alikwenda na magunia, akarudi na chumvi, vitambaa, mafuta ya taa na mapipa. Tuliishi Lipangalala. Nilijua amefika kabla hajaingia ndani, kwa harufu ya petroli, vumbi na magunia ya katani iliyokuwa imemganda kwenye shati. Watoto wengine walipenda harufu ya mandazi. Mimi nilipenda hiyo.

Mapipa yale yaligawanywa kwa maduka mawili. Duka la kwanza lilikuwa kwenye barabara kuu, lenye baraza ya saruji. Mwenyewe aliyapaka mapipa yake rangi nyekundu, akayasimamisha mbele ya duka kwa mstari kama askari kwenye gwaride, ili mpita njia asome maandishi yaliyochorwa ubavuni. Petroli yake ilikuwa ghali. Duka la pili lilikuwa nyuma ya soko, la mzee mmoja mwenye asili ya pwani, mpole, anayeongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Yeye hakupaka rangi kitu. Aliyalaza mapipa yake juu ya magogo, chini ya banda la nyasi, na kabla ya kukumiminia aliweka kipande cha ngozi laini ya swala ndani ya faneli, akachuja taratibu kama mama anayechuja tui. Bei yake ilikuwa chini.

Watu wa mjini walikuwa na maneno yao. Ya duka la barabarani waliita petroli ya kusimama, na ya mzee waliita petroli ya kulala. Walisema ya kulala ni legevu, haipandi mlima, na kwamba ingekuwa safi isingechujwa. Rahisi ghali, walisema. Baba alikuwa akiwacheka.

"Nimeyapakia mwenyewe Kilosa," aliwaambia, "ghala moja, siku moja. Nusu nashusha kule, nusu nashusha huku. Yanabadilikia wapi? Labda yanapotajiwa bei."

Basi alinunua kwa yule mzee. Alikuwa na desturi moja pia, ambayo madereva wote wa barabara ile walikuwa nayo. Akimimina petroli kutoka kwenye debe kuingia kwenye tanki, hakumaliza. Fundo la mwisho aliliacha, akalimwaga pembeni kwenye majani, akasema, "La ardhi hilo." Nilipokuwa mdogo nilidhani ni tambiko, kama wazee wanavyomwaga pombe kidogo kwa ajili ya waliotangulia. Sikuuliza.

Mama alitoka Mofu, kijiji cha mtoni, na huko ndiko alikokuwa bibi, mama yake. Nikifumba macho naisikia Mofu bado: mtwango wa vinu alfajiri, vipande vya kambale vikilia kwenye kikaango, sauti za watoto wakifukuza ndege kwenye mashamba ya mpunga. Kazi yangu likizoni ilikuwa hiyo ya ndege. Bibi alikuwa mwanamke wa maneno machache na kanga iliyofungwa sawasawa. Alikuwa amezaa watoto watano, na mama ndiye pekee aliyebaki.

Nikueleze jambo moja, bila hilo hutaelewa mengine. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakuzungumza ana kwa ana. Ilikuwa heshima. Baba akifika Mofu alikaa chini ya upenu, amegeukia njia; bibi alikaa ndani ya mlango, amegeukia jiko. Kati yao niliketi mimi. Bibi alisema, "Mwambie baba yako kuna uji," na baba, aliyekuwa amesikia kila neno, alisubiri mpaka nigeuke nimwambie, "Baba, bibi anasema kuna uji." Ndipo akajibu, "Mwambie bibi yako nashukuru." Nikageuka tena. Nilikuwa posta yao. Nilijivunia kazi ile kuliko ya ndege.

Mwaka ninaoukumbuka, mama alikuwa mjamzito. Baada yangu alikuwa amepoteza wawili wakati wa kuzaa, kwa hiyo mganga wa zahanati ya Mofu alisema safari hii ajifungulie hospitali ya misheni, Ifakara. Mama alikuwa kwa bibi, kama ilivyokuwa desturi. Ikakubaliwa kwamba baba aombe lori kwa tajiri wake, aje amchukue kabla masika haijafunga njia. Bibi alikubali kwa shingo upande.

"Mwambie baba yako," alisema, "siku ya kumchukua mwanangu sitaki mafuta ya kulala."

Nikageuka, nikasema.

"Mwambie bibi yako mafuta ni yale yale."

"Mwambie baba yako sikumuuliza kama ni yale yale."

Mkwe habishani na mama mkwe. "Mwambie bibi yako nimesikia."

Bibi akatoa gunia la mpunga, zuri, la kupepetwa mara mbili, aliuze aongezee bei. Baba akalipakia.

Tulirudi Ifakara nami nikaenda naye dukani, lile la barabarani. Ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Mapipa mekundu yalikuwa yanang'aa. Mwuzaji akaingiza pampu ya mkono kwenye pipa la kwanza, akaanza kujaza madebe mawili tuliyokwenda nayo. Baba akauliza kama kuna ngozi ya kuchujia.

"Ngozi?" Yule mwuzaji akaangalia waliokuwa barazani. "Ngozi ni ya kule nyuma ya soko. Hapa tunauza petroli." Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Dereva leo kavaa viatu, na bado anataka kutembea pekupeku." Baba naye akacheka kidogo, akabeba madebe yake.

Tulikwenda Mofu kwa mafuta ya zamani yaliyokuwa kwenye tanki. Asubuhi ya kuondoka, baba alileta madebe yale uani. "Mwambie bibi yako aje aone," akasema. Bibi akatoka, akasimama kando, akainusa hewa. Baba akamimina debe la kwanza. Alipofika mwisho niliona mkono wake ukisita. Alitaka kubakisha lile fundo la ardhi. Lakini bibi alikuwa anatazama. Mpunga wake ulikuwa mle ndani. Kumwaga hata tone kwenye majani mbele yake kungekuwa sawa na kuutupa mbele ya macho yake. Baba akainamisha debe mpaka likalia tupu. La pili vivyo hivyo. Bibi akaitikia kwa kichwa, akaridhika.

Mama alilazwa nyuma ya lori, juu ya majani ya mpunga na godoro, chini ya turubai. Bibi akakaa kichwani pake. Mimi nikakaa mbele na baba, kwa sababu nyuma ya kiti palikuwa na kidirisha, na posta ilibidi iwe karibu. Mama alikuwa mchangamfu asubuhi ile. Yeye angeweza kuzungumza na mumewe moja kwa moja, lakini aliipenda desturi ya mama yake kwa sababu ilimchekesha. "Mwambie baba yako," akaniita kwenye kidirisha, "mimi si gunia la mpunga." Baba akacheka, akapunguza mwendo.

Lori lilikohoa tukiwa hatujaona hata paa la kwanza la Idete, kijiji cha njiani. Likakohoa tena, likatembea kwa kuruka kama mbuzi aliyefungwa mguu, likazimika katikati ya mbuga, maji pande zote mbili za njia. Baba akashuka akapiga hendeli. Likawaka, likaenda hatua mia, likazimika. Mitikisiko ile ikamwanzishia mama uchungu. Nikasikia sauti yake ikibadilika nyuma ya turubai.

Baba alifungua boneti. Aliniambia nimletee glasi kutoka kwenye kikapu cha mama, ile yake ya chai. Akalegeza kitu chini ya kabureta, akakinga. Nilisimama karibu na mkono wake, nikaona. Juu palikuwa na petroli, yenye rangi ya chai iliyopauka. Chini palikuwa na maji. Hayakuchanganyika. Yalikaa pale chini, meupe, yametulia, na katikati mstari mmoja uliowekwa kama kwa rula. Maji yalikuwa zaidi ya nusu. Hapo nikaelewa fundo la ardhi lilimwagwa kwa nini, na ngozi ya yule mzee ilizuia nini.

Baba aliitazama glasi ile kwa muda mrefu kuliko tuliokuwa nao. Kisha akaimwaga, akakinga tena, akamwaga. Lori likawaka, likaenda kidogo, likazimika. Alifanya hivyo mara nne. Alikuwa amemtuma mpita njia akimbie Idete kuomba watu wa machela, nao walikuja, wakikimbia, magoti yao yamejaa tope. Mama alifariki saa nane mchana, mdogo wangu akiwa hajazaliwa.

Sitakueleza kilio cha bibi. Baada ya kilio niliitwa kwenye kidirisha.

"Muulize baba yako," bibi alisema, na sauti yake ilikuwa tambarare, "mafuta aliyomimina leo ni yale niliyomwagiza?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa lori, mikono imejaa grisi. Nikageuka kwake. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, hakungoja nimalize.

"Mwambie bibi yako siyo. Mwambie nilinunua ya kulala. Gunia lake nililila."

Nilikuwa nimesimama naye dukani. Nilikuwa nimeyaona mapipa mekundu na kukisikia kicheko cha barazani. Baba aliniangalia, akaniambia kwa sauti ya chini sana, "Mama yako alikuwa mtoto wake wa mwisho. Akijua ni mafuta aliyoyataka yeye, hataiona kesho. Usimwambie. Peleka nilivyosema."

Nikageuka kwenye kidirisha, nikapeleka. Ndiyo barua nzito kuliko zote nilizowahi kubeba, nayo ilikuwa ya uongo.

Baba hakukanyaga tena Mofu baada ya mazishi. Mjini habari ilifika kabla yetu. Wapakiaji wa magunia, waliokuwa wakimtania kwa upendo, sasa walimtania kwa namna nyingine. "Vipi, dereva, leo umejaza ya kulala?" Kanisani, wanawake walijitenga kidogo kwenye benchi nilipokaa. Baba hakumjibu mtu. Alipika, akanisuka nywele vibaya, akanipeleka shule.

Lakini uongo haukai ulipowekwa. Watu waliacha kununua kwa yule mzee wa nyuma ya soko. Petroli yake imeua mwanamke, walisema, na ghafla kila mtu akakumbuka lori lake lilivyowahi kukohoa. Baba hakulala siku kadhaa. Siku moja baada ya shule alinichukua tukaenda kwake. Banda lilikuwa kimya, mapipa yamelala vilevile, na mzee alikuwa anashona mfuko. Baba akamweleza yote: duka gani, glasi, kidirisha. Akasema yuko tayari kusimama sokoni aseme ukweli.

Mzee aliendelea kushona mpaka uzi ukaisha.

"Pipa likisimama mvuani," akasema, "maji hukaa kichwani pake, kuzunguka kizibo. Mchana likipata joto linatoa pumzi. Likipoa linavuta. Linavuta na maji. Nilimwambia yule bwana. Akaniambia mapipa yakilala maandishi hayasomeki." Akaunga uzi mpya. "Wewe kaa kimya, mwanangu. Mimi nitauza chumvi. Mama mkweo hana mtoto mwingine."

Akauza chumvi. Miaka miwili baadaye akafunga, akarudi pwani. Siku ya kuondoka alinipa kile kipande cha ngozi ya swala, kimekunjwa kwenye karatasi. Nilikuwa nacho mpaka nilipoolewa. Sijui kilipotelea wapi.

Masika ya tatu tangu mama afariki, bibi alikuja Ifakara kwa ajili ya Pasaka. Alifikia kwa jamaa zake, si kwetu, lakini alinichukua kwenda naye kanisani. Tukitoka misa mvua ikatukuta kwenye barabara kuu, tukajibanza chini ya upenu, mkabala na duka la mapipa mekundu. Mimi nilitazama pembeni. Bibi alitazama mbele. Maji yalikuwa yamejaa juu ya kila pipa kama kwenye sahani. Mvua ilipopungua, mfanyakazi mmoja akatoka na kitambaa, akafuta la kwanza harakaharaka, akafungua kizibo kumhudumia mteja. Maji yaliyobaki ukingoni yakaingia ndani mbele ya macho yetu. Hakuna aliyejali.

Bibi hakunitazama. "Siku ile," akauliza, "ilikuwa imenyesha huku?"

Nikasema ilikuwa imenyesha siku mbili. Aliniuliza habari za mvua, nami nikajibu habari za mvua, sikuvunja ahadi. Lakini aliusikia uso wangu, kama watu wazima wanavyosikia nyuso za watoto.

Alingoja mpaka mvua ikakatika kabisa. Kisha akashika njia ya Lipangalala badala ya ile ya kwa jamaa zake. Nilimfuata nyuma, natazama visigino vyake kwenye tope. Baba alikuwa uani, amechuchumaa, anapuliza moto. Alipomwona alisimama, akageukia ukuta, kama heshima ilivyotaka. Nikajisogeza katikati, mahali pangu, nikangoja kupewa maneno.

Bibi alipita mbele yangu.

"Mwanangu," akamwambia baba, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, "umekula?"

Baba hakugeuka mara moja. Alinitazama mimi, kwa mazoea, anipe jibu nilipeleke. Sikulipokea. Niliinama nikashika kuni.

"Bado, mama," akasema.

Bibi akafunga kanga kiunoni, akaomba mchele, akapika. Wakala wali na perege, kila mmoja amekaa upande wake, na hawakuzungumzia mafuta, siku ile wala nyingine yoyote. Lakini tangu hapo bibi alipokuja kwetu, kitu cha kwanza alichofanya mawingu yakikusanyika kilikuwa kuzunguka uani akilaza vyombo: mitungi, masufuria, hata ndoo ya kuku. Na mimi sikuwa posta tena. Nililia kwa ajili ya hilo pia, ingawa sikumwambia mtu sababu.

Sasa duka la barabarani halipo, baraza ya saruji imejengewa juu. Banda la nyasi lilianguka zamani. Mafuta yako chini ya ardhi, na mnunuzi haoni tena kama yamesimama au yamelala. Anaona rangi ya ukuta na namba inayozunguka. Wakwe wanapigiana simu. Baba na bibi wako Mofu, makaburi mawili pamoja na la mama, na mpunga ukiiva ndege wanatua bila mtu wa kuwafukuza.

Yule kijana wa bodaboda nilipaswa kumwambia kwamba yalikuwa yale yale, ghala moja, siku moja, na kwamba mzee wa nyuma ya soko hakumuua mtu. Nilishindwa, kwa sababu ulimi wangu ulizoea agizo la baba. Aliniambia nisimwambie bibi. Sikumwambia. Nimekuambia wewe.